Gharama za tume za uchunguzi: Mbulu na Hanang

Tume ya uchunguzi ni chombo cha muda ambacho Rais wa Tanzania hukiunda chini ya Sheria ya Tume za Uchunguzi, Sura ya 32. Makamishna hupewa hadidu za rejea, husikiliza mashahidi, kisha humkabidhi Rais ripoti. Hazina hulipia posho, magari, mafuta, malazi na uchapaji. Gharama ya shahidi anayeacha mifugo au shamba ili akaeleze yaliyompata haiingizwi katika hesabu yoyote, na katika wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara, hiyo ndiyo iliyokuwa nzito zaidi.

Chanzo cha mgogoro wa Hanang ni ngano. Kwa msaada wa Kanada, shirika la umma la NAFCO lilifungua mashamba saba kwenye nyanda za Basotu, Hanang, jumla yake ekari zipatazo 100,000. Yalikuwa malisho bora kabisa ya wafugaji wa Kibarabaig, na humo walizikwa wazee wao. Baadhi ya makaburi yalipitiwa na trekta. Mwaka 1981 kijiji cha Mulbadaw kilifungua kesi. Mahakama Kuu, Arusha, ikakipa ushindi 1984. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ikautengua, ikisema pamoja na mengine kwamba wengi wa wadai hawakuthibitisha kuwa ni wenyeji. Wenyeji wa wapi, basi, kama si wa Hanang? Mwaka 1987 serikali ikatangaza kuzifuta haki za kimila katika ardhi hiyo.

Ndipo ikaja tume. Jaji Robert Kisanga aliongoza uchunguzi wa ukiukwaji wa haki za binadamu katika mashamba hayo, na ripoti yake ni ya 1993. Lakini tume hushauri tu; haina uwezo wa kumrudishia mtu hata ekari moja. NAFCO iliendelea kulima kwa miaka kadhaa baada ya ripoti hiyo.

Wakati huohuo kulikuwa na uchunguzi mkubwa zaidi. Tume ya Rais kuhusu Masuala ya Ardhi, chini ya Profesa Issa Shivji, iliundwa Januari 1991. Ilifanya mikutano ya hadhara 277 iliyohudhuriwa na watu wapatao 83,000, ikakabidhi ripoti Novemba 1992. Ni fedha nyingi na subira nyingi zaidi. Hata hivyo, tarehe 28 Desemba mwaka huohuo ilianza kutumika Sheria Namba 22 ya 1992, iliyofuta haki za kimila za watu waliopoteza ardhi wakati wa Operesheni Vijiji, yaani watu walipohamishiwa vijijini, na kuwazuia kudai mahakamani.

Aliyeipinga sheria hiyo alikuwa mkulima wa Mbulu, Lohay Akonaay, pamoja na mwanawe. Walikuwa wamekwisha kushinda kesi ya shamba lao, na sheria mpya ikawapokonya ushindi. Tarehe 21 Desemba 1994 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, iliamua kwamba haki ya kimila ya ardhi ni mali inayolindwa na ibara ya 24 ya Katiba, ikabatilisha vifungu kadhaa vya sheria hiyo.

Pendekezo kuu la tume ya Shivji, kwamba mamlaka ya juu kabisa kuhusu ardhi ya kijiji yawe ya mkutano mkuu wa kijiji, lilikataliwa. Sheria za ardhi za 1999 zilimwachia Rais udhamini wa ardhi yote.