Anga yenye nyota ndani ya uvimbe wa mtoto

KIPANDE cha nyama kilichokatwa mwilini mwa mgonjwa hakipendezi machoni. Lakini kikitazamwa kwa hadubini, huonekana kama kanga iliyopigwa chapa kwa zambarau na waridi. Kwa mzazi wa Majengo, Mombasa, ambaye mwanawe amevimba taya, urembo huo waweza kuamua uhai wa mtoto.

Maabara huondoa maji katika kipande hicho, hukigandisha ndani ya nta, kisha hukikata utando wa unene wa takriban milimita 0.004. Kwa kuwa utando huo karibu hauna rangi, hutiwa hematoksilini, itokayo katika mti wa Amerika ya Kati, na viini vya seli hugeuka zambarau. Eosini hutia waridi sehemu zilizosalia.

Mojawapo ya picha mashuhuri zipatikanazo hivyo huitwa "anga yenye nyota". Ni alama ya limfoma ya Burkitt, saratani iliyoelezwa mwaka 1958 na Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Hospitali ya Mulago, Kampala. Giza la anga hiyo ni seli za saratani zilizosongamana. Nyota ni seli kubwa za kinga, zilizopauka, zinazomeza seli zilizokufa. Uvimbe huu waweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili.

Mwaka 1961 Burkitt alisafiri kwa gari takriban maili 10,000, kutoka Kampala hadi Afrika Kusini, akiuliza habari za uvimbe huo hospitalini. Alibaini kwamba huonekana zaidi penye joto na mvua, kama malaria. Pwani ya Kenya imo katika ukanda huo. Mwaka 1964 virusi vya Epstein-Barr viligunduliwa katika seli za uvimbe huohuo.

Licha ya kasi yake, saratani hii husikia dawa, na watoto wengi hupona wakitibiwa mapema. Hatari ni kuichelewesha kwa kudhani ni jino bovu. Mtoto akivimba taya au tumbo, au meno yakilegea kabla ya wakati wake, apelekwe hospitali upesi. Bila kipande hicho kufika maabara, daktari hawezi kuwa na hakika ni dawa gani ampe.