"Sili wa Kusini" Walioko Kaskazini

Monachinae ni kundi la sili ambalo wengi huliita kwa mkato "sili wa kusini". Jina hilo ni jepesi kukumbuka, ila linapotosha. Kati ya spishi nane zilizo hai, tatu ziko kaskazini ya ikweta: sili-mtawa wa Mediterania, sili-mtawa wa Hawaii, na sili-tembo anayezalia California na Mexico. Ndugu yao wa Karibi, aliyeonekana kwa uhakika mara ya mwisho mwaka 1952 na sasa ametoweka, naye alikuwa wa kaskazini.

Kinachowaweka pamoja ni nasaba, si makazi. Jeni zinaonyesha hivyo, na hata kwenye pezi la nyuma utaona kucha zilizodumaa, tofauti na kucha imara za Phocinae, ile nusufamilia ya pili ya sili. (Nusufamilia hapa isichukuliwe kihesabu: Phocinae wana spishi kumi.)

Visukuku navyo vimetatiza hadithi. Kwa muda mrefu wataalamu walishika kwamba ukoo huu ulianzia Atlantiki ya Kaskazini, kisha ukateremka kusini. Huko kusini vimepatikana visukuku vingi, Peru na Langebaanweg, Afrika Kusini, lakini hakuna aliyekuwa na sili-mtawa wa upande huo. Mwaka 2020 akatangazwa Eomonachus, sili-mtawa wa kale kutoka Taranaki, Nyuzilandi, mwenye umri wa miaka milioni 3 hivi. Tangu hapo wazo kwamba sehemu kubwa ya mageuzi yao ilitokea kusini limepata nguvu.

Kwa hiyo Monachinae ningewaita "nusufamilia ya sili-mtawa", maana jina lenyewe limetoka kwenye jenasi Monachus, yaani mtawa. "Sili wa kusini" ningewaachia Lobodontini, wale wanne wa Antaktika: sili wa Weddell, sili wa Ross, sili-chui na yule anayeitwa mla-kaa. Katika jina Lobodontini, lobos kwa Kigiriki ni ndewe ya sikio, na sehemu iliyobaki ni meno. Kumbe kabila hili la meno ya ndewe halina masikio ya nje! Ndewe hizo zina kazi. Mla-kaa hufumba taya, meno yakapachikana kama kifumbu, maji yakatoka na chakula kikabaki. Chakula chenyewe si kaa hata kidogo, ni krili, viumbe wadogo wanaofanana na uduvi. Kilatini kimeshaganda na carcinophaga, "mla kaa". Kiswahili bado kina nafasi ya kumwita sili-uduvi.