Mbwa kunuka kinywa si maumbile, ni ugonjwa wa fizi

WAFUGAJI wengi wa mbwa huamini kwamba kinywa cha mnyama huyo sharti kinuke. Imani hiyo haina msingi. Kinywa cha mbwa mwenye afya kina harufu yake, naam, hasa pindi anapomaliza kula omena au matumbo, lakini haidumu. Uvundo unaokaa tangu asubuhi hadi jioni, siku nenda siku rudi, ni dalili ya maradhi, na mara nyingi maradhi yenyewe yamo katika fizi.

Mbwa mzima ana meno 42, kumi zaidi ya binadamu. Meno ya utotoni huwa 28, na kufikia umri wa miezi saba hivi huwa yamekwisha kung'oka na kuota mengine. Mate, bakteria na mabaki ya chakula huunda juu ya meno utando laini uitwao ukoga, ambao waweza kupanguswa hata kwa kitambaa. Ukiachwa, madini yaliyomo katika mate huugandisha kwa muda wa siku chache tu, ukawa gamba gumu la manjano au hudhurungi lililoshika jino mithili ya saruji. Gamba hilo hakuna mswaki uwezao kuliondoa.

Meno ya mbwa hayatoboki kwa urahisi kama ya binadamu. Kwa hivyo, anayemkagua mbwa wake akitafuta matundu na kuridhika asipoyaona amekosea mahali pa kutazama. Bakteria hujipenyeza kati ya jino na ufizi. Fizi huvimba, huwa nyekundu na kutoka damu, kisha mfupa wa taya huanza kulika na jino kulegea. Bakteria hao hutoa gesi zenye salfa, zile zile zinazofanya yai viza linuke. Mbwa wengi huonyesha dalili za awali wakiwa wangali na umri wa miaka mitatu, na wale wadogo wa kimo huathirika zaidi kwa kuwa meno yao yamesongamana.

Taabu ni kwamba mbwa halii. Huendelea kula, ingawa kwa kutafuna upande mmoja au kuangusha chakula. Wakati mwingine hujikuna kinywa kwa kucha. Uvimbe unaotokea chini ya jicho, ambao wengi hudhani ni wa kuumwa na nyuki, mara nyingi huwa jipu katika mzizi wa gego kubwa la juu.

Si kila harufu hutokana na meno, hata hivyo. Pumzi inayonuka kama mkojo yaweza kuashiria kwamba figo zinadhoofika, nayo yenye utamu wa matunda yaliyoiva mno ni ishara mojawapo ya kisukari.

Dawa inayosifiwa zaidi mitaani ni mfupa wa buchani. Ni dawa mbovu. Mfupa uliopikwa hupasuka vipande vyenye ncha vinavyoweza kutoboa utumbo, na ule mgumu wa paja la ng'ombe huvunja gego lile lile kubwa la juu. Kipimo ni rahisi: kitu kisichobonyea hata kidogo kikikandamizwa kwa ukucha ni kigumu kupita kiasi kwa meno ya mbwa.

Kabla ya mkono kuingia kinywani, yapo ya kutahadhari. Mbwa aliyelegea taya, anayedondokwa na mate na kushindwa kumeza, huonekana kana kwamba amekwamwa na mfupa kooni, kumbe huenda ana kichaa cha mbwa. Virusi vya ugonjwa huo vimo katika mate, navyo huingia mwilini kupitia jeraha au mchubuko. Mbwa wa namna hiyo asiguswe kinywa kamwe. Aitwe daktari wa mifugo. Aliyekwisha kumgusa mate anapaswa kuosha mahali hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitalini siku iyo hiyo, kwani dalili zikishaanza kwa binadamu, kupona ni nadra mno. Kupiga mswaki ni kwa mbwa aliyechanjwa na aliyemzoea mwenyewe.

Mazoezi yaanze angali mdogo, na yasifanywe kwa pupa. Siku za kwanza mwenye mbwa huinua mdomo tu na kugusa fizi kwa kidole, kisha hutumia kitambaa chenye maji, na baada ya wiki moja au mbili mswaki laini wa watoto. Sehemu muhimu ni upande wa nje, pale jino linapokutana na ufizi. Upande wa ndani ulimi wenyewe husaidia. Inafaa kila siku, kwa sababu ukoga haungoji Jumapili.

Dawa ya meno ya binadamu isitumike. Mbwa hajui kutema, hivyo humeza povu na floraidi. Hatari zaidi ni zailitoli, sukari bandia ambayo jina lake kwenye pakiti huanza kwa herufi X. Huteremsha sukari ya damu ya mbwa kwa ghafla, na yaweza kuharibu ini. Ipo dawa ya meno ya mbwa yenye ladha ya kuku, lakini asiyeimudu atumie maji matupu. Kinachosafisha hasa ni msuguano.

Gamba lililokwisha kuganda ni kazi ya daktari wa mifugo aliyesajiliwa. Mbwa hutiwa nusukaputi, kwani sehemu kubwa ya kazi hufanyika chini ya ufizi, mahali ambapo mnyama aliye macho hawezi kuvumilia kuguswa. Wanaokwangua kwa kisu au bisibisi nyumbani hulifanya jino ling'ae kwa juu huku uchafu uliojificha ukiendelea kula mfupa, nayo mikwaruzo wanayoiacha hushika ukoga mpya upesi zaidi. Daktari humaliza kwa kuyalainisha meno ili ukoga usipate pa kung'ang'ania, na humweleza mwenye mbwa ni siku gani mswaki waweza kurejeshwa baada ya fizi kupoa.