Soko Lililotakaswa: Kanisa la Mkunazini na Ahadi za Ubatizo

Neno "takatifu" katika lugha ya Kiswahili limetokana na kitenzi "takata", maana yake kuwa safi, kuondokewa na taka. Nguo iliyofuliwa ikawa nyeupe husemwa imetakata, na mbingu isiyo na wingu vile vile. Basi mahali patakatifu, kwa kuifuata asili ya neno, si lazima pawe mahali palipokuwa safi tangu mwanzo. Yaweza kuwa mahali palipokuwa pachafu, kisha pakatakaswa. Tena kitu kilichotakata huweza kuchafuka mara ya pili. Nguo haifuliwi siku moja ikawa imekwisha kufuliwa kwa maisha.

Neno "kanisa" nalo lina mafunzo yake. Wakristo wa pwani hulitumia kwa mambo mawili: nyumba ya ibada, na watu waaminio wanaokusanyika ndani yake. Ni neno moja kwa mawe na kwa watu. Anayetaka kujua namna nyumba ya Mungu inavyotunzwa katika utakatifu wake hana budi kutazama pande zote mbili, na katika Afrika ya Mashariki hapana mahali panapoonyesha jambo hili wazi zaidi kuliko Mkunazini, katika Mji Mkongwe wa Unguja.

Kabla ya mwaka 1873 Mkunazini palikuwa soko la watumwa. Wanaume, wanawake na watoto waliotekwa katika nchi za bara, wengi wao kutoka pande za Ziwa Nyasa, waliletwa hapo baada ya safari ndefu ya miguu na ya jahazi. Wakapangwa kwa safu, wakatazamwa meno na viungo, wakanadiwa. Katika mwezi wa Januari mwaka huo Sir Bartle Frere alifika Unguja kwa niaba ya serikali ya Uingereza, kumtaka Sultani Barghash bin Said akomeshe biashara hiyo. Sultani alikataa. Mashauri yakaendelea chini ya Balozi John Kirk, na Waingereza wakatishia kuizingira Unguja kwa manowari. Mwishowe, tarehe 5 Juni 1873, mkataba ukatiwa sahihi, na masoko ya watumwa yakafungwa.

Wamisionari wa Vyuo Vikuu, ambao Waingereza huwaita kwa herufi za UMCA, walikuwako Unguja tangu mwaka 1864 chini ya Askofu William Tozer. Padre mmoja wa misheni hiyo, Arthur West, alinunua sehemu ya uwanja wa soko kwa fedha zake mwenyewe, na sehemu nyingine ilitolewa na tajiri mmoja wa Kihindi, Jairam Senji, ambaye hakuwa Mkristo. Jiwe la msingi liliwekwa siku ya Krismasi mwaka ule ule wa 1873. West hakuliona kanisa likiinuka. Alifariki mwaka uliofuata.

Kazi ya ujenzi ilimwangukia Edward Steere, aliyewekwa kuwa askofu mwaka 1874. Steere ndiye yule mwanachuoni aliyetunga kitabu cha sarufi ya Kiswahili na kukusanya hadithi za Unguja, vitabu vilivyochapwa mwaka 1870. Hakuwa mjenzi kwa ufundi, lakini alisimamia mwenyewe kazi ya mawe ya matumbawe na saruji, hata dari la kuba likapita juu ya upana wa kanisa zima bila boriti. Husimuliwa kwamba safari moja alipokuwa hayupo mafundi walizisimamisha nguzo fulani kichwa chini miguu juu, naye aliporudi akaziacha zilivyo. Na nguzo hizo zaonekana hata leo. Madhabahu, kwa mapokeo ya wenyeji, yamesimama pale palipokuwa na mti wa kuchapia watumwa, na duara la marumaru mbele yake ndiyo alama. Steere alifariki mwaka 1882, akazikwa nyuma ya madhabahu hayo.

Kadiri hiyo yatosha kueleza habari ya mawe. Lakini mawe yaweza kuwekwa juu ya dhambi ya zamani yakaifunika tu, wala yasiiondoe. Swali lililobaki ni juu ya kanisa la pili, yaani watu.

Mtu mzima aliyebatizwa kwa taratibu ya Kianglikana aliulizwa maswali mbele ya mkutano, naye akajibu kwa kinywa chake. Aliahidi mambo matatu: kumkataa Shetani na kazi zake zote, pamoja na fahari za dunia na tamaa mbaya za mwili, kuiamini imani ya Kikristo, na kuzishika amri za Mungu siku zote za maisha yake. Mtoto mchanga huahidiwa na wadhamini wake, lakini mtu mzima hajibiwi na mtu. Na hapo ndipo jambo la ajabu lilipotokea Unguja. Wengi katika waliobatizwa mwanzo walikuwa watu waliokwisha kusemewa na wengine maisha yao yote. Walitekwa bila kuulizwa, wakauzwa bila kuulizwa, hata wakaokolewa baharini na manowari bila kuulizwa. Wavulana watano wa kwanza wa misheni walitoka katika jahazi lililokamatwa, nao Sultani Majid alimpa Askofu Tozer kama zawadi. Miongoni mwao walikuwamo John Swedi na George Farajallah. Kwa watu wa namna hiyo neno "naahidi" lilikuwa na uzito usiokadirika, kwa kuwa mwenye kuahidi ni mtu mwenye neno lake. Waswahili husema ahadi ni deni. Na mtumwa, ambaye mwenyewe alikuwa amehesabiwa kuwa mali, sasa alikuwa anajitwika deni kwa hiari.

Katika jamii ya pwani wakati ule mtu alikuwa ama mwungwana ama mtumwa, na uungwana ulihesabiwa kwa nasaba. Lakini lugha yenyewe ilikuwa na methali iliyokwisha kuivunja hesabu hiyo: muungwana ni vitendo. Wabatizwa wa Unguja waliipa methali hiyo ushahidi mpya. John Swedi, mtoto wa jahazi, aliwekwa kuwa shemasi mwaka 1879. Cecil Majaliwa, Myao aliyekuwa mtumwa, aliwekwa kuwa padre mwaka 1890, Mwafrika wa kwanza kupata daraja hiyo katika misheni ile, kisha akafanya kazi kwa miaka kadhaa huko Chitangali, karibu na Ruvuma, katika nchi ya watu wa kabila lake. Mwaka 1876 Steere aliliongoza kundi la watu waliofunguliwa kutoka shamba la Mbweni kurudi bara, wakaanza kijiji cha Kikristo Masasi. Miaka sita baadaye kijiji hicho kilishambuliwa na Wangoni walioitwa Magwangwara. Wengine wakauawa, wengine wakatekwa upya. Mtu aliyekwisha kuonja minyororo, akafunguliwa, kisha akaiona ikija tena mlangoni pake, huyo alipimwa ahadi yake kwa kipimo ambacho wengi hawajakijua.

Hata hivyo mwenye kuandika historia hana ruhusa ya kuwasifu wamisionari na kuyaficha makosa. Ni wajibu kwanza kukumbuka kwamba wanunuzi wa watumwa hawakuwa watu wa dini moja. Mwaka 1776 Mfaransa Jean-Vincent Morice alifanya mkataba na Sultani wa Kilwa ili apate watumwa 1,000 kila mwaka kwa ajili ya mashamba ya visiwa vya Wafaransa katika Bahari ya Hindi. Mashamba hayo yalimilikiwa na watu waliobatizwa utotoni, ambao wadhamini wao waliahidi kwa niaba yao kuzikataa kazi za Shetani. Ahadi ilitamkwa, makanisa yakajengwa, na mijeledi ikaendelea.

Pili, hata baada ya soko kufungwa, utumwa wenyewe haukukoma. Mkataba wa 1873 ulizuia kusafirisha na kunadi watu. Haukumfungua aliyekuwa tayari shambani. Hali ya utumwa haikuondolewa katika sheria ya Unguja mpaka mwaka 1897, wakati nchi ilipokuwa imekwisha kuwa chini ya ulinzi wa Uingereza kwa miaka saba. Kwa muda huo wote zaburi ziliimbwa Mkunazini, na karafuu katika mashamba ya jirani zilichumwa na watumwa, chini ya bendera ya taifa la Kikristo.

Tatu, ndani ya misheni yenyewe uhuru ulikuwa na mipaka. Watu wa Mbweni walipewa nyumba na viunga, lakini waliishi chini ya kanuni za wamisionari waliokuwa wenye shamba, mabwana wa kazi na waamuzi wa mwenendo kwa pamoja. Majaliwa alirudishwa Unguja mwaka 1897, na ule uongozi mkubwa ambao kazi yake ya bara ilionyesha kwamba aliuweza haukumfikia. Ilipita miaka 65 tangu kuwekwa kwake kuwa padre hata Mwafrika wa kwanza wa Tanganyika, Yohana Omari, alipowekwa kuwa askofu mwaka 1955, naye akiwa msaidizi, tena katika dayosisi nyingine. Wale waliofundisha kwamba birika la ubatizo lawafanya watu wote kuwa ndugu walichelewa sana kuyaamini mafundisho yao wenyewe.

Aliyeyaona haya kwa ukali kuliko wengi alikuwa Frank Weston, Askofu wa Zanzibar tangu 1908 hadi alipofariki mwaka 1924. Weston alipenda mno heshima ya ibada: taa, uvumba, mavazi, kupiga magoti mbele ya Sakramenti. Adabu ya kanisa aliishika kwa nguvu, na Mkristo aliyevunja ahadi zake kwa wazi alitakiwa kutubu kabla ya kurudishwa katika ushirika. Lakini mtu huyo huyo, serikali ya Kiingereza ilipotaka kuwalazimisha Waafrika wa Afrika ya Mashariki kufanya kazi katika mashamba ya walowezi, alitoa mwaka 1920 kijitabu cha kuwashutumu watawala wa taifa lake, akiwaita Waafrika hao watwana wa Uingereza. Na mwaka 1923, mbele ya mkutano mkubwa wa Waanglikana huko London, aliwaambia waliokuwa wakipigania heshima ya altare kwamba hawana haki ya kudai kuwa wanamwabudu Kristo kanisani kama hawamhurumii katika maskini wa mitaani.

Neno hilo lilikaza pamoja kamba mbili ambazo watu hupenda kuzitenga. Wako wanaoitunza nyumba ya ibada kwa ukimya na usafi, wakadhani kazi imekwisha. Na wako wanaosema kwamba nyumba si kitu, moyo ndio kila kitu, wakaingia kanisani kana kwamba wanaingia sokoni. Habari za Mkunazini zawajibu wote wawili. Wa kwanza hujibiwa na mashamba ya Wafaransa na ya karafuu. Wa pili hujibiwa na uwanja wenyewe: ikiwa mahali hapana maana, mbona West alitoa mali yake kwa ajili ya kiwanja kile na si kingine? Mahali hukumbuka kwa ajili ya watu. Anayepiga magoti karibu na duara lile la marumaru hulazimika kujua kwamba mwanadamu aliwahi kuuzwa hapo, na ujuzi huo ni sehemu ya ibada yake.

Mji Mkongwe uliingizwa katika urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2000, na wageni wa mataifa mengi huingia kanisa la Mkunazini kila siku, huku Waanglikana wa Unguja wakiendelea kusali humo. Nje, ndani ya shimo, zimesimama sanamu za watu wenye minyororo shingoni. Walinzi wa mahali hapo wana kazi nzito: kumkaribisha mtazamaji bila ya kuigeuza sala kuwa maonyesho, wala kuiuza tena huzuni ya wale waliokwisha kuuzwa mara moja. Lakini kazi iliyo nzito zaidi ni ya kila aliyejibu "naahidi" penye maji. Kwa kuwa utakatifu hutoka katika kutakasa, soko lile halikutakaswa likakwisha mwaka 1873. Hutakaswa kila mbatizwa anapokataa kumfanya mwenzake kuwa bidhaa, na huchafuka tena anapokubali, hata kama taa za altare zinawaka.