Delta ya Tana na mvutano wa Ramsar

Mvutano wa Ramsar katika Delta ya Tana ni ubishi uliodumu kwa miaka kadhaa nchini Kenya kuhusu kuyaingiza maeneo oevu ya Garsen na Kipini katika orodha ya kimataifa ya Mkataba wa Ramsar. Kisheria ulifungwa tarehe 7 Septemba 2012, delta ilipoorodheshwa kwa namba 2082 na ukubwa wa hekta 163,600, ikiwa ya sita nchini baada ya maziwa ya Nakuru, Naivasha, Bogoria, Baringo na Elmenteita. Wengi hueleza kisa hiki kama ugomvi wa serikali na mashirika ya kigeni ya uhifadhi. Maelezo hayo yana walakini. Aliyepeleka ombi la kuiorodhesha delta ni serikali, kupitia Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS). Na aliyekuwa akiitenga ardhi hiyo hiyo kwa ajili ya miwa ni serikali pia, kupitia Mamlaka ya Ustawishaji wa Mito ya Tana na Athi (TARDA).

Ardhi na wenyewe

Mto Tana, mrefu kuliko yote Kenya, huteremka kutoka Mlima Kenya na milima ya Aberdare kwa takriban kilomita 1,000 hadi Bahari Hindi. Ukishapita Garsen hauna tena njia moja: hugawanyika, hutambaa, huacha maziwa madogo na mabwawa ya msimu, kisha huingia baharini karibu na Kipini kupitia mikoko. Pande zote ni nyika kavu, na hapo ndipo ulipo uzito wa delta. Kiangazi kikikaza hadi Garissa na kwingineko, nyasi mbichi hubaki huku chini.

Wapokomo hulima kando ya mto: mpunga unaopandwa kwa kufuata maji ya mafuriko, ndizi, mahindi, na miembe inayorithiwa kutoka kwa babu hadi mjukuu. Waorma na Wawardei hufuga, na ng'ombe wao hushuka deltani wakati wa kiangazi. Kuna pia Waluo na Wabajuni wanaovua, Wasanye, Wamijikenda, na watu wa mji wa Garsen wanaoishi kwa biashara za barabara ya Lamu.

Kinachozishikamanisha shughuli hizi ni malka, yaani njia ya mifugo kufikia maji. Ni ukanda mwembamba wa ardhi kati ya mashamba, umekanyagwa hadi ukawa mgumu, na mwisho wake ni ukingo wa mto uliolainishwa na kwato. Mkulima akisogeza ua wake hatua chache, malka hufungwa. Mfugaji akikuta imefungwa, ng'ombe hupita shambani. Wazee wa gasa, yaani baraza la wazee wa Kipokomo, na wazee wa Kiorma walizoea kukaa pamoja kusuluhisha mambo haya, kwa faini na kwa maneno, na ni katika mipango kama hii isiyoandikwa popote ndipo umiliki wa delta ulipokuwa. Kwa sheria ya wakati huo, sehemu kubwa ilikuwa ardhi ya amana chini ya baraza la kaunti ya Tana River, chombo ambacho mwanakijiji wa Ozi au Chara hakukisikia mara kwa mara, isipokuwa kilipokuwa kimekwisha kuitoa ardhi yake.

Kumbukumbu ya 1976

Mwaka 1976 ilitangazwa Hifadhi ya Kitaifa ya Nyani wa Mto Tana, takriban kilomita za mraba 170 za msitu wa kingoni kaskazini ya Garsen, kwa ajili ya aina mbili za nyani wasiopatikana kwingine duniani: mbega mwekundu wa Tana na mangabei wa Tana. Wapokomo waliokuwa wakilima ndani ya msitu huo walijikuta wanaishi mbugani. Katika miaka ya 1990 ukaja mradi wa Benki ya Dunia uliogharimiwa na Mfuko wa Mazingira wa Dunia, na pamoja nao mazungumzo ya kuwahamisha wakazi. Wengi waliupinga, na ukafungwa bila kufikia malengo yake. Januari 2007 Mahakama Kuu iliamua kwamba hifadhi yenyewe haikuanzishwa kwa kufuata sheria.

Bila kisa hiki huwezi kuuelewa upinzani wa Ramsar. Neno "hifadhi" likitajwa katika baraza la chifu, wakazi hawafikirii ndege wala ikolojia. Wanafikiria askari wa wanyamapori, mpaka, na shamba la mama lililogeuka kosa la jinai. Hofu hiyo ilikuwa halali. Ila iliwafaa sana wale waliokuwa na mipango yao juu ya ardhi hiyo, kwani ilikuwa rahisi kumwambia mfugaji kwamba Ramsar itamzuia kulisha kuliko kumweleza kwamba shamba la miwa lingefanya hivyo kwa seng'enge.

Upande wa pili wa serikali

TARDA si mgeni Garsen. Katika miaka ya 1990 ilijenga mradi wa umwagiliaji wa mpunga kwa msaada wa Japani, na mwaka 1995 ikapewa zaidi ya hekta 28,000 za delta. Mafuriko ya El Niño ya 1997 na 1998 yaliharibu tuta na mifereji, na kwa miaka mingi baadaye eneo kubwa la mradi lilibaki vichaka. Ardhi iliendelea kuwa na hati ya TARDA hata pasipokuwa na mpunga.

Ndipo likaja wazo la sukari. TARDA na Kampuni ya Sukari ya Mumias walipanga shamba la takriban hekta 20,000, pamoja na kiwanda na ethanoli. Mwaka 2008 Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira (NEMA) iliupa mradi leseni. Profesa Wangari Maathai, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Amani ya 2004, alisimama hadharani kuupinga. Wafugaji na wenzao walikwenda mahakamani Malindi, wakapata zuio la muda Julai 2008, na mwaka uliofuata ombi lao likatupwa kwa sababu za utaratibu tu. Hoja yenyewe, kama watu wa delta wana haki gani juu ya delta, haikusikilizwa.

Foleni ikarefuka. Mwishoni mwa 2008, baada ya ziara ya Rais Mwai Kibaki nchini Qatar, ilijulikana kwamba taifa hilo la Ghuba lilikuwa linatafuta hekta 40,000 za kulima chakula, huku Kenya ikitafuta fedha za bandari ya Lamu. Kampuni ya Bedford Biofuels ya Kanada ikafunga mikataba na ranchi za eneo hilo kwa ajili ya mbono wa mafuta. G4 Industries ya Uingereza nayo ilitaka mazao ya mafuta, kisha mwaka 2011 ikajitoa. Mipango hii ikichorwa yote juu ya ramani moja, ng'ombe wa Waorma hawana pa kupita.

Upinzani wa serikali kwa Ramsar ulionekana zaidi katika makaratasi haya kuliko katika hotuba. Haikuhitajika waziri asimame bungeni kuukataa mkataba ambao Kenya iliuridhia mwaka 1990. Ilitosha idara moja kuendelea kutoa leseni na hati wakati idara nyingine ikiandaa fomu za kupeleka Gland, Uswisi, iliko sekretarieti ya Ramsar. Februari 2010 Kenya iliiweka hata "Delta na Misitu ya Tana" katika orodha yake ya awali ya Urithi wa Dunia huko UNESCO, wakati ule ule mipango ya miwa na mbono ikiwa mezani. Ungedhani ni nchi mbili.

Mkataba unachukua nini?

Hoja iliyotembea sana ni kwamba Ramsar ingeikabidhi delta kwa wazungu. Maandishi ya mkataba, uliosainiwa tarehe 2 Februari 1971 katika mji wa Ramsar nchini Iran, hayasemi hivyo. Ibara ya 2 inatamka kwamba kuorodheshwa hakupunguzi mamlaka ya nchi juu ya eneo lake, na inairuhusu nchi kupunguza mipaka au kuliondoa eneo kabisa ikiwa kuna maslahi ya dharura ya taifa. Ibara ya 3 inataka matumizi ya busara, maneno yanayokubali kilimo, uvuvi na malisho. Mkataba hauna polisi, hauna mahakama, hauna faini. Anayeorodhesha ni nchi, na anayeweza kufuta ni nchi.

Kilichowakera wenye mipango, kwa hiyo, hakikuwa kupoteza ardhi. Kilikuwa kulazimika kujieleza: nchi mwanachama inatakiwa kutoa taarifa pale tabia ya eneo lililoorodheshwa inapobadilika au ikielekea kubadilika. Hekta 20,000 za miwa katikati ya eneo la Ramsar ni taarifa ngumu kuandika.

Ipo pia lawama upande wa uhifadhi ambayo haifai kufunikwa. Fomu ya Ramsar huhesabu mimea (zaidi ya spishi 600 deltani), kasa, tembo na makundi ya ndege wa majini kwa uangalifu mkubwa kuliko inavyoeleza malka ni ya nani. Mtu aliyeambiwa kwamba nyumbani kwake ni muhimu kwa dunia ana haki ya kuuliza kama dunia ilimtembelea kwanza.

Agosti na Septemba 2012

Delta iliorodheshwa katika wiki mbaya kuliko zote katika historia yake ya karibuni. Tarehe 22 Agosti 2012 zaidi ya watu 50, wengi wao wanawake na watoto wa Kiorma, waliuawa kijijini Riketa. Mashambulizi ya kulipiza kisasi yakafuata Chamwanamuma na Kilelengwani, na Desemba yakafika Kipao. Zaidi ya watu 100 walikufa kabla ya mwaka kwisha, wakulima kwa wafugaji. Sababu zilikuwa nyingi, uchaguzi wa 2013 ukiwamo. Lakini maji, malisho na wasiwasi wa nani atabaki na ardhi havikuwa mbali.

Februari 2013 Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu alitoa hukumu katika kesi iliyofunguliwa na wakazi mwaka 2010. Aliziagiza taasisi za serikali kutayarisha mipango ya matumizi ya ardhi ya delta, ya muda mfupi, wa kati na mrefu, kwa kuwashirikisha wenyeji. Kwa maoni ya mwandishi wa makala hii, hukumu hiyo iligusa maisha ya Garsen kuliko tangazo la Ramsar, kwa sababu iliwapa watu mahali pa kuketi mezani. Mpango wa Matumizi ya Ardhi wa Delta ya Tana ulizinduliwa mwaka 2015, ukitenga maeneo ya kilimo, malisho, makazi na uhifadhi.

Mifano ya jirani

Tanzania iliorodhesha Ziwa Natron mwaka 2001, kisha miaka michache baadaye ikashirikiana na Tata Chemicals katika mpango wa kiwanda cha magadi mahali wanapozaliana heroe wadogo. Kampuni ilijitoa mwaka 2008. Katika Selous, Urithi wa Dunia tangu 1982, serikali ilijenga bwawa la umeme la megawati 2,115 mtoni Rufiji licha ya pingamizi za UNESCO. Mwaka 2021 ilipendekezwa eneo hilo lifutwe orodhani, lakini Kamati ya Urithi wa Dunia haikulifuta. Oman ilikwenda mbali zaidi: iliipunguza hifadhi yake ya choroa wa Arabuni kwa asilimia 90 kupisha utafutaji wa mafuta, na mwaka 2007 ikawa ya kwanza duniani kuondolewa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Kenya haikufanya lolote kati ya hayo waziwazi.

Baada ya kuorodheshwa

Shamba la miwa la Mumias halikupandwa, na Bedford haikudumu. Kampuni ya Mumias yenyewe iliwekwa chini ya mrasimu mwaka 2019. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 ilifungua mlango wa jamii kusajili ardhi iliyokuwa ya amana, ingawa haigusi moja kwa moja ardhi iliyokwisha kupewa mashirika ya umma.

Tishio kubwa la maji halimo ndani ya mpaka wa Ramsar. Mabwawa ya Seven Forks, kuanzia Kindaruma mwaka 1968 hadi Kiambere mwaka 1988, yalikwisha kubadili mafuriko ambayo mpunga wa Wapokomo na nyasi za Waorma huyategemea. Bwawa la High Grand Falls, kubwa kuliko yote hayo, limo katika miradi ya Ruwaza ya 2030, mpango wa maendeleo wa taifa, mamia ya kilomita juu ya Garsen, mahali ambapo namba 2082 haifiki.