Nani Anamtumikia Nani: Historia ya Nadharia za Utiifu wa Siri, kutoka Sherlock Holmes hadi Game of Thrones

Nadharia ya mashabiki ni maelezo ambayo msomaji au mtazamaji hujitungia kuhusu jambo ambalo mtunzi hajalisema waziwazi, akitegemea ushahidi uliomo ndani ya kazi yenyewe na kungoja sehemu zinazofuata zimthibitishe au zimkanushe. Miongoni mwa nadharia hizo, ile iliyodumu sana ni ya utiifu wa siri, yaani dai kwamba mhusika anayeonekana kumtumikia bwana huyu ni ndumilakuwili ambaye kwa kweli anamtumikia bwana mwingine. Desturi hiyo ina umri mkubwa kuliko televisheni, na anayetaka kuelewa kwa nini tamthilia ya Game of Thrones, iliyoonyeshwa na kituo cha HBO cha Marekani kuanzia Aprili 17, 2011 hadi Mei 19, 2019, iliwafanya watu wabishane miaka na miaka kuhusu moyo wa towashi mmoja, hana budi kuanzia Uingereza kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia.

Mwaka 1911 Ronald Knox, msomi kijana wa Oxford aliyekuwa akielekea kwenye upadri, aliwasomea wenzake insha kuhusu hadithi za Sherlock Holmes, mpelelezi aliyebuniwa na Arthur Conan Doyle. Nia yake ilikuwa kuwadhihaki wahakiki wa Biblia wa zama zake, kwa kuzichambua hadithi za magazetini kwa mbinu zilezile walizozitumia wao katika Maandiko: kulinganisha tarehe, kusaka maelezo yanayogongana, na kuuliza kama visa vyote vimetoka katika mkono mmoja. Dhihaka ilisahaulika lakini mbinu ikabaki, kwa sababu wasomaji waligundua kwamba hadithi ya kubuni, ikisomwa kwa uangalifu unaostahili hati ya kale, hutoa maswali yenye uzito. Mwaka 1934 Knox mwenyewe alichapisha insha nyingine, na humo akadai kwamba Mycroft, kaka yake Holmes na mtumishi wa serikali ambaye hakuna aliyemtilia shaka, alikuwa na mafungamano ya siri na Profesa Moriarty, adui mkubwa wa mdogo wake. Doyle hakuandika popote kwamba Mycroft ni msaliti, bali alimwandika kuwa mtu pekee ambaye Holmes alimwamini kwa siri kwamba yu hai katika miaka ambayo dunia nzima ilimdhania amekufa, na siri ya namna hiyo inatosha kumfanya msomaji mwenye jicho kali aulize inamnufaisha nani. Hapo nadharia ya utiifu wa siri ilikuwa imekwisha kupata umbo lake kamili: mhusika wa pembeni, mwenye habari nyingi kuliko wengine, ambaye fikra zake hazifunuliwi hata mara moja.

George R. R. Martin, mwandishi wa riwaya zilizozaa Game of Thrones, alichota kwingine pia. Amekiri mara nyingi kwamba alivutiwa na Vita vya Mawaridi, mapigano ya kugombea taji la Uingereza kati ya koo za Lancaster na York yaliyoanza mwaka 1455, na katika historia hiyo utiifu wa siri haukuwa nadharia, ulikuwa ndio siasa yenyewe. Katika vita vya Bosworth, Agosti 22, 1485, ndugu wawili wa ukoo wa Stanley walisimama kando na majeshi yao huku Mfalme Richard III akiwa amemshika mateka mtoto wa mmoja wao, mpaka Sir William Stanley alipoingia vitani upande wa Henry Tudor na kuamua nani awe mfalme. Sir William huyohuyo alikatwa kichwa mwaka 1495 kwa tuhuma za kumuunga mkono Perkin Warbeck, kijana aliyejitangaza kuwa mwana wa mfalme aliyetoweka gerezani katika Mnara wa London akiwa mtoto. Mtu aliyempa Henry taji alihukumiwa kwa kutaka kumvua, na hadi leo wanahistoria wanajadili ni nini hasa kilichokuwa moyoni mwake.

Martin aliitia hali hiyo ya mashaka katika muundo wa riwaya zake. Tangu kitabu cha kwanza, kilichotoka mwaka 1996, kila sura husimuliwa kwa macho ya mhusika mmoja, na msomaji hujua tu kile ambacho mhusika huyo anakiona, anakikumbuka au anakidhania. Petyr Baelish, mtunza hazina mwenye tamaa isiyo na mipaka, na Varys, yule towashi anayeongoza majasusi wa mfalme, hawakupewa sura hata moja, kwa hiyo nia zao lazima zikisiwe kutokana na matendo yao na ushuhuda wa watu wengine. Mfano bora ni pale mtoto Arya Stark anapojificha chini ya kasri na kusikia watu wawili wakipanga njama. Hawatambui, na kitabu hakiwataji majina, ila msomaji anayekumbuka ndevu za manjano zilizogawanyika pande mbili za tajiri Illyrio, zilizoelezwa katika sura nyingine inayotokea ng'ambo ya bahari, hung'amua kwamba Varys anashirikiana na watu wanaomlea adui wa mfalme wake. Katika tamthilia mazungumzo hayohayo yalionyeshwa na nyuso za wasemaji zikionekana, na kazi ya msomaji ikawa imefanywa na kamera. Badiliko hilo ni dogo, lakini linaeleza mengi yaliyofuata.

Nadharia iliyofanyiwa kazi kwa bidii kubwa kuliko zote haikuingia kabisa kwenye televisheni. Katika kitabu cha tano, kilichotoka Julai 2011, anajitokeza kijana anayedaiwa kuwa Aegon Targaryen, mwanamfalme aliyedhaniwa kuuawa akiwa mchanga, na Varys, akiwa amesimama mbele ya mtu anayekata roho, anasema kwamba kijana huyo amelelewa tangu mwanzo ili atawale. Wasomaji wengi hawakuridhika. Walirudi nyuma hadi kwenye ukoo wa Blackfyre, tawi la haramu la nasaba ya kifalme ya Targaryen lililoasi mara kadhaa na kushindwa, na wakakusanya vidokezo. Jeshi la mamluki lililoundwa na waasi wa Blackfyre, ambalo hujivunia kutovunja mkataba, lilivunja mkataba kwa ajili ya kijana huyu. Illyrio alisema kwamba ukoo huo ulikoma upande wa wanaume, na hakusema lolote kuhusu wanawake. Tena katika kitabu cha nne, kilichotangulia kwa miaka sita, kasisi mmoja anasimulia habari ya bango la hoteli lenye joka jeusi la chuma, lililokatwakatwa na kutupwa mtoni, na kichwa chake kimojawapo kikaibuka baadaye kisiwani kikiwa chekundu kwa kutu. Joka jeusi ni nembo ya Blackfyre na joka jekundu ni la Targaryen, kwa hiyo wasomaji waliona humo fumbo la mwana wa waasi anayerudi akiwa amevaa rangi ya wafalme halali. Uzuri wa hoja hii ni kwamba hakuna kidokezo kimoja kinachoibeba peke yake. Nguvu yake inatokana na ushahidi mdogomdogo uliotawanywa katika maelfu ya kurasa, na aliyeuunganisha amefanya kazi ileile ya mwanahistoria anayelinganisha barua, hati za kodi na nyaraka za mahakama.

Nadharia iliyopata ushindi ilikuwa ya utiifu wa aina nyingine. Tangu miaka ya 1990 wasomaji walishuku kwamba Jon Snow, anayetajwa kuwa mwanaharamu wa Eddard Stark, ni mtoto wa Lyanna, dada yake Eddard, na mwanamfalme Rhaegar Targaryen. Kama ni kweli, basi Eddard, mtu anayesifiwa kwa kutosema uongo, alimficha rafiki yake mfalme siri kubwa kwa miaka mingi ili kutimiza ahadi aliyompa dada aliyekuwa akifa. David Benioff na D. B. Weiss, walipoomba ruhusa ya kuzigeuza riwaya hizo kuwa tamthilia, waliulizwa na Martin mama yake Jon ni nani, nao wakajibu sawasawa. Jibu lenyewe lilionyeshwa kwa watazamaji Juni 26, 2016, kwa kishindo kilichostahili subira ya miaka ishirini.

Mwaka huohuo nadharia nyingine ilianguka vibaya. Katika kitabu cha tano bwana Wyman Manderly anajifanya mtiifu kwa ukoo wa Frey huku kisirisiri akipanga kumrudisha mtoto wa ukoo wa Stark, na ndipo wasomaji wakaamini kwamba mabwana wengi wa kaskazini wanakula njama ya namna hiyo. Msimu wa 6 ulipomwonyesha bwana wa ukoo wa Umber akimkabidhi mtoto Rickon Stark kwa Ramsay Bolton, adui wa ukoo wa Stark, pamoja na kichwa cha mbwa-mwitu wake, watazamaji waliona ishara za udanganyifu: Umber alikataa kupiga magoti na kula kiapo, na kichwa kile kilionekana kidogo mno kwa mnyama wa aina ile. Juni 19, 2016 Rickon aliuawa kwa mshale, na Umber akafa akimpigania Ramsay kwa dhati. Kichwa kilikuwa kidogo tu, wala hakikubeba maana yoyote. Si haki kuwalaumu watazamaji kwa hilo, kwani walisoma picha kwa mbinu waliyofunzwa na vitabu, ambamo rangi ya ndevu na kutu ya bango huwa na maana. Walichokosa ni mtunzi aliyepanda vidokezo kabla ya kuvuna.

Tofauti hiyo ilikuwa imekwisha kuelezwa na Martin huko Edinburgh mwaka 2014, aliposema kwamba wasomaji wachache wamekwisha kuunganisha vidokezo vyake vilivyofichika na kulifikia jibu sahihi, na kwamba hatabadilisha mwisho kwa sababu hiyo, maana vidokezo vimekwisha kupandwa. Hilo ni agano kati ya mtunzi na msomaji, na tamthilia, ilipovipita vitabu katika msimu wa 6, haikuweza tena kulitimiza. Varys wa televisheni aliachwa bila Aegon na bila siri ya Blackfyre. Alimfuata Daenerys Targaryen, aliyedai kiti cha enzi, kwa kuamini kwamba atawafaa wananchi, akamgeuka kwa sababu hiyohiyo, na katika sehemu iliyoonyeshwa Mei 12, 2019 akachomwa kwa moto wa joka. Wale mamluki wa jeshi la Blackfyre waliokuwa nguzo ya nadharia waliajiriwa na malkia Cersei Lannister na kuangamizwa katika sehemu hiyohiyo, bila historia yao kuguswa. Mtu aliyekuwa fumbo kwa misimu kadhaa aligeuka kuwa mtumishi mwema asiye na bahati, na huo ulikuwa upungufu wa maandishi, kwa maana swali lililoulizwa kwa miaka mingi lilistahili jibu lililo sawa na uzito wake.

Martin mwenyewe aliipeleka desturi hii mbele zaidi mwaka 2018, katika kitabu cha Fire & Blood, kilichoandikwa kana kwamba ni historia iliyokusanywa na mwanazuoni kutokana na mashahidi wasiokubaliana, akiwamo mtu wa dini na mchekeshaji wa kasri. Humo Larys Strong, mkuu wa majasusi, anawatumikia watawala zaidi ya mmoja, na mwanazuoni anakiri kwamba nia yake haikujulikana kamwe. Kitabu hicho ndicho msingi wa tamthilia ya House of the Dragon, iliyoanza kuonyeshwa Agosti 21, 2022. Kitabu cha sita cha mfululizo mkuu bado hakijachapishwa, na mpaka kitakapotoka, ushahidi wote uliokusanywa kuhusu Varys na kijana wake unabaki halali.