Athari ya gia katika gofu

Athari ya gia ni mzunguko unaoupata mpira wa gofu fimbo ya draiva inapoupiga nje ya kitovu cha uso wake. Mpira na fimbo hugusana kwa takriban nusu ya elfu moja ya sekunde, lakini muda huo unatosha kuharibu mengi. Mchezaji wa mkono wa kulia akipigia upande wa ncha, kichwa cha fimbo hugeuka kulia na mpira, kama gia iliyoumana na mwenzake, huzungushwa kinyume: huanzia kulia, kisha hupinda kurudi kushoto. Akipigia upande wa kisigino, mambo hugeuka.

Ndiyo maana uso wa draiva umebinuka kidogo. Ungekuwa bapa, mpira uliopigwa kwa ncha ungeishia vichakani kushoto.

Mpira ukigongwa juu kidogo ya kitovu, mzunguko wa kinyumenyume hupungua, nao huruka mbali. Ukigongwa chini yake, mzunguko huo huongezeka na masafa hupotea. Fimbo za chuma haziathiriki sana, kwa sababu kitovu chao cha uzito kiko karibu na uso.

Kanuni za R&A na USGA, vyombo vinavyosimamia sheria za gofu, haziruhusu kichwa cha draiva kuzidi sentimita za ujazo 460. Vichwa vikubwa hupunguza kosa, havilifuti.